Nani Alipie Mafuta ya Mtoto?

Pumu ya ngozi na soriasisi haviui haraka, na labda ndiyo sababu gharama yake haionekani. Hakuna bili moja kubwa ya kuitishia harambee. Kuna mia mbili leo, mia tano Ijumaa, na nauli ya kwenda Nairobi mwisho wa mwezi. Katika Kaunti ya Kajiado, kutoka nyumba za kupanga za Kitengela hadi maboma ya Bissil, pesa hizo zinatoka mfukoni mwa familia.

Hoja iliyo mezani ni hii: SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, iwalipie wagonjwa wa ngozi wa muda mrefu matibabu wanayoyapata bila kulazwa, pamoja na mafuta wanayopaka nyumbani. Wasemaji sita walioalikwa ni wa kubuni. Mabishano yao mtu huyasikia kwenye foleni ya kliniki, kwenye matatu na kwenye chama.

MSIMAMIZI: Mama, hoja ni yako. Itetee.

MAMA WA KITENGELA: Asante. Mtoto wangu ana miaka sita. Pumu ya ngozi ilimwanza mashavuni kabla hajatambaa, ikashukia viwiko na nyuma ya magoti. Usiku anajikuna mpaka shuka inaingia damu. Watu wakisikia gharama ya ugonjwa wanawaza upasuaji. Mimi nitawatajia vyangu: mafuta yasiyo na manukato, krimu ya steroidi, dawa ya kupunguza mwasho ili alale, sabuni laini, antibiotiki vidonda vikitunga usaha, nguo za pamba kwa sababu nyingine zinamwasha, na maji. Kwetu maji ya kisima yana chumvi. Ya kumwogeshea nanunua kwa mtungi, au tunachanga na majirani tunaita boza. Halafu kuna yasiyo na risiti. Nilikuwa na kazi mkahawani. Shule ikawa inanipigia simu kila mara nije nimchukue, eti ana upele wa kuambukiza wenzake. Nikaacha kazi. Ule mshahara ndio gharama kubwa kuliko zote, na hakuna faili ya hospitali iliyowahi kuuandika.

MSIMAMIZI: Mhasibu, wewe unapinga.

MHASIBU: Napinga, na pole sana Mama. SHA ilichukua nafasi ya NHIF, mfuko wa awali wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote. Asiye na ajira rasmi anapimwa uwezo, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa pesa hizo tunataka kulipia uzazi, upasuaji, kusafisha figo na saratani. Saratani peke yake ilipangiwa mwanzoni hadi shilingi 550,000 kwa kaya kwa mwaka, 400,000 kutoka mfuko wa bima na 150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu, na bado wagonjwa wanalia kwamba zinaisha kabla ya tiba. NHIF nayo iliziachia hospitali madeni ya mabilioni. Mfuko wa namna hiyo ukiuagiza ununue mafuta ya kupaka, niambieni unamtoa nani kwenye foleni. Tena mafuta hupakwa na kila mtu. Nyumba yenye mgonjwa mmoja itapaka watu watano, na kopo la sita litauzwa gengeni. Bima ni ya janga lisilotabirika. Gharama ndogo ya kila mwezi, familia hujipangia.

KIJANA WA EPZ: Hebu nijibu hilo la kujipangia. Nashona nguo kiwandani, EPZ ya Athi River, eneo la viwanda vya kuuza nje, na nina soriasisi kichwani, viwikoni na viganjani. Chukua mshahara wa 20,000. SHA inakata 550.

MHASIBU: Kijana wangu, NHIF ingekukata 750.

KIJANA WA EPZ: Kweli, na hizo mia mbili nimeziona. Sasa tazama ninachopata. Nikivunjika mguu nitalazwa, na SHA italipa. Soriasisi hainilazi. Daktari aliniandikia vidonge vya methotreksati. Bei ya vidonge hainisumbui hata kidogo. Ninachoshindwa ni vipimo vya damu na ini, ambavyo havikwepeki kwa sababu dawa hiyo inaweza kuumiza ini na kushusha chembe za damu. Vipimo vina bei yake, na siku ya vipimo sipo kazini, na asiyekuwa kazini halipwi. Nikawa naviruka. Daktari akakataa kuniandikia tena, na alikuwa na haki. Sasa niko kwenye krimu, ambayo hainifikishi popote. Nilipangie nini hapo? Mwaka wa 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani, huko Geneva, ulitamka kwamba soriasisi ni ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na unaolemaza, usio na tiba ya kuumaliza. Mei 2025 mkutano huohuo ukapitisha azimio kwamba magonjwa ya ngozi ni kipaumbele cha afya ya umma duniani.

MHASIBU: Azimio la Geneva haliji na hundi.

MSIMAMIZI: Kabla hatujafika Geneva, kuna mtu anayekutana na familia hizi kila jioni.

MUUZA DAWA: Ndimi huyo, na lawama zote huishia kwangu. Mzazi anaingia dukani saa moja usiku ana shilingi mia mbili. Anajua mtoto hatalala. Nikimwelekeza kituo cha afya atasema alikuwa huko asubuhi, akapewa karatasi, akaambiwa dawa akanunue nje. Nje ni hapa. Basi anaomba ile tyubu ndogo yenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki, zote ndani ya tyubu moja. Jirani ameisifu. Siku tatu ngozi inatulia. Nikikataa kumuuzia, anavuka barabara anaipata kwa mwenzangu. Mnaoitaka hoja hii na mnaoipinga, nyote mnazungumza kana kwamba familia inachagua kati ya dawa nzuri na mbaya. Inachagua kati ya tyubu ya mia mbili na usiku wa kukesha.

DAKTARI: Na tyubu hiyo ndiyo inayokula pesa nyingi kuliko mnavyodhani. Mimi ni afisa wa kliniki. Elimu ya ngozi niliipata Moshi, Tanzania, kwenye kituo cha mafunzo cha kanda kilichoko hospitali ya KCMC. Kilianza mwaka wa 1992, kwa ajili ya kuwafunza watu wa kada yangu kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa sababu madaktari bingwa wa ngozi ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Ile tyubu mchanganyiko ikipakwa juu ya choa, steroidi inatuliza mwasho huku fangasi inasambaa na kubadilika sura, hata mimi nikiiona kwa macho naweza nisiitambue. Ikipakwa usoni pa mtoto mwenye pumu ya ngozi, na steroidi yenyewe ni kali, ngozi inakuwa nyembamba. Ukiacha ghafla inawaka upya. Mzazi anadhani ugonjwa umezidi, anatafuta kali zaidi. Familia nyingi hufika kwangu zikiwa zimeshalipa duka la dawa, mganga wa mitishamba na kliniki ya binafsi, na bado hazijaambiwa ugonjwa unaitwaje.

MSIMAMIZI: Na zikishaambiwa, hununua nini?

DAKTARI: Mafuta mengi, na steroidi kidogo ya nguvu inayofaa. Watu hufanya kinyume chake. Miongozo ya Uingereza inataja gramu 250 hadi 500 za mafuta kwa wiki kwa mtoto aliyeathirika sehemu kubwa ya mwili. Kwa tyubu za gramu 15, hata hizo 250 ni karibu tyubu 17 kwa wiki. Hakuna mzazi wa Kitengela anayeweza kuzinunua, na hana haja ya aina ya bei ghali. Mwaka wa 2022 ulitoka utafiti wa Bristol uliowafuata watoto 550 wenye pumu ya ngozi. Walilinganisha mafuta mepesi, krimu, geli na mafuta mazito, na hakuna aina iliyoishinda nyingine. Yanayofaa ni yale ambayo mtoto anakubali kupakwa kila siku. Jeli ya petroli ya kawaida, isiyo na manukato, inaweza kuifanya kazi hiyo.

MAMA WA KITENGELA: Na maji, Daktari? Nisinunue?

DAKTARI: Uingereza walijaribu mashine za kulainisha maji magumu nyumbani kwa watoto 336 wenye pumu ya ngozi. Matokeo yalitoka 2011, na mashine hazikuongeza nafuu yoyote juu ya matibabu ya kawaida. Yale yalikuwa maji ya kwao, ya kwetu yana chumvi, na chumvi kwenye ngozi iliyochubuka inachoma. Kwa hivyo sikuambii uache, nakuambia upunguze. Bafu fupi, maji vuguvugu, kisha mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Pesa ya mtungi wa pili iende kwenye jeli.

MHASIBU: Daktari, umenifanyia kazi yangu. Kama jeli ya bei nafuu inatosha, na pesa nyingi zinapotelea kwenye tyubu zisizofaa, basi tiba ya gharama ni elimu. SHA inaingiaje? Na mkumbuke kwamba aliyejiandikisha hatakiwi kulipa kwenye zahanati na kituo cha afya. Mfuko wa afya ya msingi ndio unaolipa.

MUUZA DAWA: Unalipa kumwona mhudumu. Rafu ikiwa tupu, mgonjwa anakuja kwangu.

DAKTARI: Elimu inapunguza bili, haiifuti. Gramu 250 kwa wiki ni kilo 13 kwa mwaka, kwa mtoto mmoja, kabla hujagusa steroidi. Na nikupe hesabu unayoipenda. Ngozi iliyopasuka huingiza bakteria. Mtoto akilazwa hospitali ya ngazi ya nne, SHA inalipa zaidi ya shilingi 3,000 kwa kila siku ya kitanda. Siku nne ni zaidi ya 12,000. Tuko tayari kulipia kitanda, lakini hatuko tayari kulipia kopo ambalo lingemzuia asifike kitandani.

MHASIBU: Hesabu hiyo ina tundu. Si kila mtoto anayekosa jeli hulazwa. Ukiwanunulia mia moja ili kuzuia wawili wasilazwe, umepata hasara. Niletee uwiano.

DAKTARI: Uwiano wa Kajiado sina, na hapo umenibana vizuri. Basi niondoe hoja ya kuokoa pesa na nikuulize swali jingine. Kusafisha figo kunauokolea mfuko pesa?

MHASIBU: Hapana. Kunaugharimu.

DAKTARI: Na bado tunalipa, kwa sababu familia ikiachiwa mzigo ule peke yake inafilisika. Hicho ndicho kipimo. Sasa Mama amepoteza mshahara, na Kijana amepoteza dawa pekee iliyokuwa ikimfaa kwa kukosa pesa za maabara. Kufilisika ni kufilisika, kuje kwa bili moja au kwa mia mbili mia mbili miaka sita mfululizo.

NYANYA WA BISSIL: Mmeongea mishahara tangu tuanze. Naomba nafasi.

MSIMAMIZI: Karibu, Nyanya.

NYANYA WA BISSIL: Mimi pesa yangu ina miguu minne. Mjukuu wangu ana ngozi kama ya mtoto wa huyu Mama. Kumpeleka kliniki ya ngozi ni bodaboda mpaka barabara ya Namanga, kisha matatu hadi Kajiado, na wakisema twende hospitali ya Kenyatta, Nairobi, hapo siku imekwisha na tunalala kwa watu. Nauza mbuzi sokoni Bissil. Sasa sikilizeni. Ngozi ya mtoto inapasuka zaidi wakati gani? Kiangazi, penye vumbi na ukavu. Mbuzi anashuka bei wakati gani? Kiangazi hichohicho. Ule ukame wa 2020 hadi 2023 mnyama alikuwa mifupa, na mnunuzi anamtazama kama anakufanyia hisani. Ugonjwa unapanda bei siku ileile ambayo mali yangu inashuka. Halafu mnaniambia nijipangie. Na hiyo bima yenu inataka malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo.

MHASIBU: Siku hizi kuna Lipa SHA Pole Pole, Nyanya. Unakopeshwa, unalipa kidogo kidogo.

NYANYA WA BISSIL: Mwanangu, mtu akikukopesha ili ulipe bima, umepata bima na deni. Kiangazi kikirudi, deni litasubiri? Daktari, na wewe nikuulize. Sisi tulikuwa tukipaka watoto mafuta ya kondoo. Ni makosa?

DAKTARI: Kazi yake ni ileile ya jeli, Nyanya. Yanazuia maji yasitoke ngozini. Ninachokataa ni yaliyochacha, na yale yaliyochanganywa na majani yanayochoma. Penye vidonda, afadhali jeli safi, kwenye kopo lenye kifuniko, na muichote kwa kijiko msiingize vidole.

NYANYA WA BISSIL: Basi nileteeni hilo kopo. Kuna msichana wa afya anayepita boma kwa boma na mkoba. Tayari anakuja. Hamhitaji kutuma mwingine.

MSIMAMIZI: Nyanya anazungumzia wahamasishaji wa afya ya jamii, wale laki moja waliozinduliwa na Rais Septemba 2023. Mhasibu, kabla hujajibu, kuna jambo ambalo nchi hii imekwisha kulifanya. Kupitia Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu, serikali imekuwa ikiwanunulia watu wenye ualbino mafuta ya kukinga jua kwa zaidi ya miaka kumi. Yale ni mafuta, yanapakwa nyumbani, na analipa mlipa kodi. Tofauti iko wapi?

MHASIBU: Iko kwenye idadi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino. Ni kundi linalojulikana, na mafuta yale yanawakinga na saratani ya ngozi inayoua. Matumizi madogo, faida kubwa. Wenye pumu ya ngozi mtawahesabu vipi? Kila mwenye kujikuna atajiita mgonjwa.

MAMA WA KITENGELA: Sensa hiyo ndiyo ya kwanza kuwahesabu. Mafuta walikuwa wameshaanza kupewa. Kumbe nchi inaweza kuanza kabla ya hesabu kukamilika, ikitaka.

KIJANA WA EPZ: Na kuna upande wa kodi ambao hujaugusa. Dawa nyingi hazitozwi VAT. Vipodozi vinatozwa asilimia 16, na ushuru wa bidhaa juu yake. Nenda supamaketi uone mafuta ya mtoto wa Mama yamepangwa rafu gani. Yako na vipodozi. Serikali inayosema haina pesa za kumlipia ndiyo inayokusanya kutoka kwake kila anaponunua kopo.

MHASIBU: Hilo nakubali halipendezi. Lakini ukiondoa kodi kwenye mafuta yote, anayefaidi zaidi ni mnunuzi wa krimu za urembo za elfu tano. Pesa ileile ukiipeleka moja kwa moja kwa mgonjwa itafanya kazi kubwa zaidi.

DAKTARI: Umesema mwenyewe. Moja kwa moja kwa mgonjwa. Tuwapime kwa ukali wa ugonjwa. Vipo vipimo vya kupigia alama: eneo lililoathirika, mwasho, usingizi unaopotea. Anayewashwa kidogo apewe elimu aende nyumbani. Mwenye ugonjwa mkali aandikishwe, na anayeandikisha awe mtu aliyesomea ngozi.

MHASIBU: Wako wangapi hao Kajiado?

DAKTARI: Wachache mno. Lakini Moshi haiko mbali. Barabara hiihii inayopita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil inaishia Namanga, ukivuka mpaka unashika Arusha, kisha Moshi. Kaunti ndiyo inayosimamia hospitali zake tangu 2013. Haihitaji ruhusa ya SHA kumpeleka afisa wake akasome.

MUUZA DAWA: Na dawa? Mkiagiza kupitia KEMSA, mamlaka ya serikali ya kusambaza dawa, mkanipita mimi, sawa, sitalia. Ila zikichelewa, familia zitarudi dukani kwangu, na bei itakuwa yangu. Nashauri maduka yaliyosajiliwa yaingizwe kwenye mpango, yalipwe kwa bei iliyokubaliwa.

MHASIBU: Hapo ndipo kopo la sita litakapotokea.

MUUZA DAWA: Litokee kwenye rekodi, basi ulione. Leo yanauzwa na huoni lolote.

MSIMAMIZI: Muda umetubana, niseme tulipofika. Naona matatu ambayo hayana mpinzani. Kwanza, kila hospitali ya ngazi ya nne ya Kajiado iwe na afisa wa kliniki aliyesomea ngozi. Pili, hidrokotisoni, betamethasoni na yurea, ambazo ziko kwenye orodha ya WHO ya dawa muhimu, ziagizwe pamoja na jeli ya kawaida hadi vituo vya afya, na wahamasishaji wafundishwe namna ya kupaka na kubeba kopo mkobani. Tatu, vipimo vya mgonjwa anayetumia methotreksati vilipiwe na bima bila yeye kulazwa, kwa kuwa bila vipimo dawa yenyewe haipo. Mhasibu?

MHASIBU: Hayo matatu natia sahihi. La nne, SHA kulipia mafuta ya nyumbani, bado napinga. Nitakubali jaribio: wenye ugonjwa mkali tu, kaunti hii tu, mwaka mmoja. Tuhesabu waliolazwa, siku za shule na za kazi zilizopotea, na makopo yaliyotoka. Namba zikija, nitazisoma kwa haki.

MSIMAMIZI: Mimi nimeegemea upande wa Mama, na nitaje sababu. Bima yetu inaiona familia pale mtu anapoingia wodini. Wagonjwa wa ngozi wanalipia nje ya wodi, mwaka baada ya mwaka, na mahali hapo bima haifiki vya kutosha. Hata hivyo namba za Mhasibu ni deni letu tunaotetea, na hatujalilipa. Mama, ulianzisha, malizia.

MAMA WA KITENGELA: Jaribio nalikubali, na siku zangu za kazi zilizopotea mzihesabu za kwanza. Ila lisiwe sababu ya kungojea. Mmesema matatu hayana mpinzani, na mawili kati ya hayo kaunti inayaweza bila SHA. Basi yaanze sasa, huku mkibishana juu ya la nne.